Sura ya Sita: Mvua Iliyobaki Ardhini

Mwaka 1969 Syukuro Manabe, Mjapani aliyekuwa mtafiti katika maabara ya GFDL huko Marekani, aliupa ulimwengu mzima udongo wa aina moja. Katika modeli yake ya tabianchi kila kipande cha nchi kavu, kiwe cha Siberia au cha bonde la Kongo, kilikuwa ndoo ya kubeba milimita 150 za maji na si zaidi. Mvua iliingia kwa juu. Ndoo ikifurika, ziada ilihesabiwa kuwa maji ya mito. Ikiwa imejaa zaidi ya robo tatu, uvukizi uliendelea kwa kasi yote ambayo jua na upepo viliruhusu. Maji yakishuka chini ya hapo, uvukizi nao ulipungua hatua kwa hatua hadi ndoo ikauke. Mizizi haikuwamo, wala mfinyanzi, wala kichanga, wala mteremko.

Mkulima angeikataa ndoo hiyo papo hapo, tena kwa haki. Hata hivyo mimi naiheshimu sana, kwa sababu iliipa kompyuta kitu ambacho hewa peke yake haina: njia ya kubeba mvua ya mwezi uliopita hadi mwezi huu. Hewa husahau upesi. Mvuke hukaa angani kwa wastani wa siku 8 hadi 10 tu kabla ya kurudi chini kama mvua, umande au theluji. Maji yaliyoingia ardhini hukaa wiki, hukaa miezi, na penye kina kirefu hukaa miaka. Wanasayansi huuita ukaaji huo kumbukumbu ya udongo. Ikiwa mwezi wa Aprili ardhi ilikuwa na maji kuliko kawaida yake ya Aprili, je, mwezi wa Juni bado itakuwa juu ya kawaida ya Juni? Modeli za tabianchi zimekuwa zikilijibu swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na hadi leo majibu yake hayafanani.

Kwanza ieleweke kwamba hakuna mahali ndani ya programu ambapo mtu ameandika kuwa udongo ukumbuke kwa siku 40. Kumbukumbu huzaliwa na maamuzi mengine, na mara nyingi walioyafanya maamuzi hayo walikuwa na jambo jingine akilini. Chukua ndoo ya Manabe yenyewe. Robo tatu ya milimita 150 ni milimita 112.5. Kama mahali fulani hewa ina uwezo wa kunyonya milimita 5 za maji kwa siku, kiasi cha kawaida katika nchi za joto, gawanya: utapata siku 22 na nusu. Huo ndio muda ambao ziada ya maji iliyoachwa na mvua kubwa itahitaji ili ipungue hadi kidogo zaidi ya theluthi moja. Ipeleke ndoo hiyo hiyo kaskazini ya mbali, penye ubaridi na jua hafifu, ambako hewa hunyonya milimita 1 tu kwa siku. Sasa muda ni zaidi ya siku 112. Rudi katika nchi za joto, lakini mara hii ongeza uwezo wa ndoo uwe milimita 300. Muda unakuwa siku 45. Aliyechagua 150 alichagua pia muda wa kusahau, kwa kujua au kwa kutojua.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyowekwa wazi mwaka 1988 na Thomas Delworth akishirikiana na Manabe. Waliazima wazo la Klaus Hasselmann, Mjerumani ambaye mwaka 1976 alieleza jinsi bahari, kwa uzito wake, inavyopokea misukosuko ya haraka ya hali ya hewa na kuigeuza kuwa mabadiliko ya polepole. Delworth na Manabe walionyesha kwamba nchi kavu hufanya kazi hiyo hiyo. Mvua hunyesha bila mpango, leo ipo na kesho haipo. Udongo huijumlisha, huipunguza taratibu kwa uvukizi, na matokeo yake ni vipindi virefu vya unyevu na vipindi virefu vya ukavu hata kama mvua yenyewe haikuwa na mfululizo wowote. Hili ni jambo kubwa. Lina maana kwamba ukame wa miezi 3 ardhini hauhitaji mbingu iliyonuia kunyima mvua kwa miezi 3. Majuma machache mabaya yakifuatana yanatosha, kisha udongo unaendeleza habari hiyo wenyewe. Manabe na Hasselmann walikuja kugawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2021 pamoja na Giorgio Parisi. Mawazo ya hao wawili wa kwanza yalikuwa yamekwisha kukutana udongoni miaka 33 kabla.

Kwa nini wanaotabiri hali ya hewa wajali kilichomo ardhini? Kwa sababu jua likipiga ardhi yenye maji, sehemu kubwa ya nguvu yake hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Likipiga ardhi kavu, nguvu hiyo hupasha hewa joto. Mwaka 1982 Jagadish Shukla na Yale Mintz walifanya jaribio la kupindukia kwa makusudi: waliiendesha modeli moja mara mbili, mara ya kwanza nchi kavu yote ikiwa na maji wakati wote, mara ya pili ikiwa haina uvukizi kabisa. Katika dunia ile ya pili joto la ardhi lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 10 katika maeneo mapana, na mvua ikabadilika karibu mabara yote. Hakuna nchi iliyo hivyo kweli. Lakini miaka 21 baadaye Ulaya ilionja sehemu ya jaribio hilo. Majira ya kuchipua ya mwaka 2003 yalikuwa na mvua chache, ardhi ikaingia mwezi wa Juni ikiwa na upungufu, na joto la Agosti lilipofika halikukuta maji ya kulipunguza. Waliokufa kutokana na joto msimu ule, hasa wazee wa Ufaransa na nchi jirani, walizidi 70,000. Modeli zilizorudiwa baadaye zikiwa na udongo wenye maji zaidi mwanzoni mwa msimu zilitoa joto dogo kuliko lile lililotokea. Mvua iliyokosekana Machi na Aprili ilikuwa na mkono katika vifo vya Agosti.

Basi modeli ikisahau upesi mno, itaukosa ukame unaojilisha wenyewe. Ikikumbuka kupita kiasi, itaendelea kutangaza ukame ilhali ardhi imekwisha kupona. Nani atasema ipi ni sahihi? Hapa ndipo hadithi inapoondoka katika maabara za kompyuta na kwenda mashambani, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu yake bora.

Umoja wa Kisovieti ulikuwa na vituo vya hali ya hewa ya kilimo vilivyopima maji ya udongo kwa njia isiyo na ujanja wowote. Mtumishi wa kituo alikwenda shambani takribani kila siku 10 akiwa na chuma cha kuchimbia kinachozungushwa kwa mkono. Alitoa udongo tabaka kwa tabaka hadi kina cha mita 1, akautia katika vikopo, akavipima uzito, akavikausha katika tanuri, kisha akavipima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Kazi hiyo ilifanywa miaka nenda miaka rudi, katika mashamba ya ngano na katika nyika za majani, na lengo lake halikuwa tabianchi hata kidogo: mipango ya kilimo ilihitaji kujua kama mazao yatapata maji. Madaftari yakajaa.

Konstantin Vinnikov, mtaalamu wa tabianchi aliyefanya kazi Leningrad kabla ya kuhamia Marekani, alitambua thamani ya madaftari hayo. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Yeserkepova walichapisha uchambuzi uliolinganisha vipimo hivyo na modeli, na baadaye, kwa ushirikiano wake na mtafiti mwenzake Alan Robock, data za Kisovieti, za China, za Mongolia, za jimbo la Illinois na za kwingineko zikakusanywa katika hazina moja iliyo wazi kwa kila mtafiti. Nadharia ya Delworth na Manabe iliwekwa kwenye mizani ya udongo halisi, na ikasimama. Katika maeneo hayo ya kaskazini ziada au upungufu wa maji katika mita ya juu ya ardhi ulidumu kwa mwezi 1 hadi 3 hivi, ukififia taratibu kama ilivyotabiriwa.

Vipimo hivyo vilionyesha pia kwamba unyevu wa ardhi una sura mbili. Ukichimba hapa, kisha ukachimba mita chache pembeni, utapata majibu tofauti, kwa sababu ya mteremko, mizizi na aina ya udongo. Lakini juu ya vurugu hiyo ya karibu kuna hali nyingine inayofanana kwa kilomita mamia: eneo zima huloa pamoja na kukauka pamoja, kwa sababu hutawaliwa na mifumo ile ile ya mvua na jua. Modeli ya tabianchi, ambayo kipande chake kimoja kinaweza kuwa na upana wa kilomita 100, haina tumaini la kuonyesha ile sura ya kwanza. Inadaiwa ya pili.

Kituo cha Valdai, kati ya Moscow na Saint Petersburg, kilikuwa na rekodi kamili kiasi kwamba kiligeuzwa kuwa chumba cha mtihani. Modeli 21 za ardhi zilipewa hali ya hewa ya Valdai ya miaka 18, kuanzia 1966 hadi 1983: mvua ile ile, theluji ile ile, jua lile lile. Kila modeli ilitakiwa kusema maji yalikwenda wapi. Zilitofautiana. Theluji iliyeyuka kwa tarehe mbalimbali, na tarehe hiyo ikaamua ni maji kiasi gani yangeingia ardhini na yangekaa hadi lini. Hayo hayo yalikuwa yameonekana katika mashindano mengine ya mradi ulioandaa mtihani huo, uitwao PILPS, ulioanzishwa miaka ya mwanzo ya 1990. Modeli zilizopewa mbingu moja zilitoa ardhi nyingi.

Tofauti hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka katika kina. Ndoo ya Manabe ilipostaafu, nafasi yake ilichukuliwa na udongo wa matabaka, ambamo maji hushuka na kupanda kwa mlinganyo ambao Lorenzo Richards aliutoa mwaka 1931. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kiliweka matabaka 4 yenye unene wa sentimita 7, 21, 72 na 189. Modeli ya Kimarekani iitwayo Noah iliweka matabaka 4 pia, lakini yanaishia mita 2. Toleo la tano la CLM, ambalo ni modeli ya ardhi inayotumiwa na watafiti wengi duniani, linaweza kuteremka mita 8 na nusu mahali ambapo mwamba hauko karibu. Kila uamuzi kuhusu tabaka la chini ni uamuzi kuhusu miezi na miaka. Modeli nyingi za zamani ziliyaacha maji ya tabaka la mwisho yadondoke na kupotea, kana kwamba chini yake hakuna kitu.

Mizizi nayo ilitoa somo kali. Mwaka 1994 Daniel Nepstad na wenzake walieleza walichokiona karibu na Paragominas, mashariki ya Amazoni ya Brazil. Huko kiangazi huchukua miezi mitano hivi, na bado msitu hubaki kijani. Walichimba mashimo, wakakuta mizizi imepita kina cha mita 8, ikinywa maji ya mvua zilizonyesha miezi mingi nyuma. Modeli za wakati ule zilikuwa na udongo wa mita 1 au 2. Ndani ya kompyuta msitu ulikuwa ukikauka katikati ya kiangazi, uvukizi ukikatika na joto likipanda, wakati miti yenyewe Brazil ilikuwa ikiendelea kutoa mvuke kana kwamba hakuna kilichotokea. Modeli ilisahau kwa sababu haikuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu.

Kosa jingine huingia kutoka juu, na mara nyingi halitajwi pale linapostahili kutajwa. Modeli nyingi za dunia nzima hunyesha mara kwa mara mno na kidogo kidogo mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 na Graeme Stephens na wenzake ulikuta kwamba mvua katika modeli hutokea karibu mara mbili zaidi ya ile inayoonwa na setilaiti, ikiwa nyepesi kuliko ilivyo kweli. Jumla ya mwaka inaweza kuwa sawa kabisa. Lakini manyunyu ya kila siku huishia kwenye majani na kwenye sentimita za juu, hukauka kabla ya kesho, na hayafiki chini. Mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja hupenya, au hutiririka kwenda mtoni. Udongo wa kompyuta unaweza kuwa na milinganyo mizuri na bado ukakosa kumbukumbu kwa sababu haukupata mvua ya kweli ya kukumbuka.

Randal Koster wa NASA, pamoja na Max Suarez, aliviweka vyanzo hivyo katika mlinganyo mmoja mwaka 2001. Kumbukumbu hupungua pale uvukizi unapoongezeka sana kila ardhi inapokuwa na maji zaidi, kwa kuwa ziada hujila yenyewe. Hupungua vilevile pale maji mengi ardhini yanapofanya mvua inayofuata itiririke badala ya kuingia. Huongezeka pale mvua zenyewe zinapokuwa na mfululizo. Na hubadilika kwa msimu. Baadaye, mwaka 2009, Koster na wenzake waliandika jambo ambalo lingepaswa kubandikwa mbele ya kila mtu anayefungua ramani ya unyevu wa udongo: tarakimu ya modeli moja si kipimo cha maji unayoweza kwenda kuyachimba, wala haipaswi kuchukuliwa moja kwa moja na kutiwa katika modeli nyingine. Kila modeli ina kiwango chake cha kuloa na cha kukauka. Kinachoaminika zaidi ni kupanda na kushuka, kwamba mwezi huu ni mkavu kuliko kawaida ya modeli hiyo hiyo. Nimeona ramani za aina hiyo zikisomwa mikutanoni kana kwamba asilimia iliyoandikwa ndiyo iliyomo shambani. Sivyo.

Swali lililofuata lilikuwa hili: udongo ukikumbuka, je, mbingu husikia? Mwaka 2004 makundi 12 yenye modeli yalichapisha jaribio lao la pamoja, GLACE. Kila kundi liliendesha modeli yake mara 16 kwa miezi ya Juni hadi Agosti, kwanza ardhi ikiachwa huru, kisha mara zote 16 zikilazimishwa kuwa na udongo wenye historia moja. Pale ambapo mvua za mara 16 zilianza kufanana, palikuwa na ushahidi kwamba ardhi inaiongoza mvua. Ramani ya wastani ilitoa maeneo machache: tambarare za kati za Amerika Kaskazini, Saheli, Afrika ya ikweta na India. Ni maeneo ya katikati, kati ya jangwa na msitu. Penye mvua nyingi uvukizi hutawaliwa na jua, na maji yakizidi kidogo hayabadilishi kitu. Jangwani uvukizi ni mdogo mno kuitikisa hewa. Katikati ndipo kila milimita ina uzito.

Msomaji wa Afrika Mashariki aiangalie ramani hiyo kwa uangalifu. Miezi ya Juni hadi Agosti kwetu, kwa sehemu kubwa ya Tanzania na mashariki ya Kenya, ni baada ya masika na kabla ya vuli. Jaribio halikuuliza habari za misimu yetu ya mvua. Liliuliza habari za majira ya joto ya kaskazini. Kukosekana kwetu mahali fulani kwenye ramani ile si hukumu.

Tena ile ramani ni ya modeli. Elfatih Eltahir, Msudani anayefundisha MIT, alikuwa amekwisha kueleza miaka ya 1990 jinsi ardhi yenye maji inavyoweza kuiongezea hewa ya chini nguvu ya kutengeneza mvua. Lakini mwaka 2012 Christopher Taylor wa Uingereza na wenzake walitumia setilaiti kutazama mvua za alasiri zinaanzia wapi, wakakuta kwamba huelekea kuanza juu ya vipande vikavu kuliko majirani zao, hasa katika Saheli. Ardhi kavu hupata joto, hewa yake hupanda, na hewa yenye mvuke huvutwa kutoka upande uliolowa. Modeli walizozipima zilisema kinyume. Hata ishara ya jibu, si ukubwa wake tu, ilikuwa imegeuka. Lawama kubwa iliangukia namna modeli zenye vipande vikubwa zinavyokisia mawingu ya radi badala ya kuyatengeneza. Modeli mpya zenye vipande vya kilomita 4 au 5, ambazo sasa zimeendeshwa kwa bara zima la Afrika, huyaacha mawingu yajitengeneze yenyewe, na uhusiano wa udongo na mvua ndani yake hubadilika. Hii ndiyo njia ninayoiamini.

Setilaiti zimesaidia sana upande mwingine pia. SMOS ya Ulaya ilirushwa Novemba 2009, na SMAP ya Marekani Januari 2015. Zote mbili husikiliza mawimbi dhaifu ya redio yanayotoka ardhini, ambayo hubadilika maji yanapoongezeka. Kwa data za SMAP, Kaighin McColl na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba sentimita chache za juu za ardhi hushikilia chini ya 0.001% ya maji yote yasiyo na chumvi duniani, na bado, katika eneo la kawaida, siku 3 baada ya mvua huwa zimebakiwa na takribani 14% ya kilichonyesha. Kwa tabaka jembamba hivyo, hiyo ni kazi kubwa. Lakini setilaiti huona sentimita 5 hivi tu. Tabaka la kwanza la Noah lina sentimita 10. Ukilinganisha ukaukaji wa hivyo viwili bila kukumbuka tofauti hiyo, utailaumu modeli kwa kosa ambalo nusu yake ni la rula. Na mizizi ya mtama haiishii sentimita 5.

Sasa nije nyumbani, ambako mambo haya yanagusa unga na maji ya kunywa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Utabiri wetu wa vuli una nguvu kwa sababu ya bahari, yaani El Niño na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Masika ni ngumu zaidi kuitabiri. Udongo hauwezi kuchukua nafasi ya bahari. Unachoweza kutuambia ni hali ambayo msimu unaanzia: kama mvua ya kwanza itazama au itatiririka, kama mbegu itavumilia siku 10 za jua, kama bwawa litajaa. Kwa wiki za mwanzo za msimu, hiyo ni habari yenye thamani kubwa, na modeli ndiyo inayotakiwa kuitoa.

Lakini modeli hiyo ina udongo gani? Fikiria udongo mweusi wa mbuga, ule unaopatikana Usukuma, tambarare za Kano, Mwea na nyanda za Laikipia. Ukikauka hupasuka nyufa ndefu. Mvua ya kwanza hushuka kwa nyufa hizo hadi chini bila kuloanisha vizuri kilicho kati ya ufa na ufa. Kisha udongo huvimba, nyufa hufunga, na maji yanayofuata hutuama juu kwa siku nyingi. Ndani yake kuna maji mengi ambayo mmea hauwezi kuyang'oa, kwa kuwa mfinyanzi umeyashika kwa nguvu kuliko mzizi unavyovuta. Mahindi hunyauka juu ya ardhi ambayo kipimo kinaiita nyevu. Mlinganyo wa Richards, kama unavyotumiwa katika modeli nyingi, huchukulia udongo kuwa kitu kisichovimba wala kupasuka. Kwa maneno mengine, sehemu ya ardhi yetu yenye rutuba haimo katika milinganyo.

Chini zaidi kuna kumbukumbu ya miaka. Makutapora, karibu na Dodoma, watumishi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London (UCL), pamoja na wenzake wakiwamo Watanzania, walichapisha rekodi hiyo ya miaka 55. Ilionyesha kwamba maji ya chini hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Misimu 7 tu yenye mvua kubwa zaidi ilileta takribani 60% ya maji yote yaliyoingia, na El Niño ya 1997 na 1998 ikiwa miongoni mwa misimu hiyo. Jiji la Dodoma limekuwa likinywa mvua za miaka michache ya zamani. Modeli ambayo tabaka lake la mwisho humwaga maji yapotee haiwezi kamwe kuonyesha jambo hilo, hata ikipewa mvua sahihi kwa kila saa.

Rekodi ya Makutapora na madaftari ya Kisovieti yana asili moja: mtu mwenye zana rahisi, aliyerudi mahali pale pale kwa miongo, akaandika. Bila watu hao tusingejua kama ndoo ya Manabe ilisema kweli, wala tusingejua kwamba visima vya Dodoma hujazwa na miaka michache ya baraka. Afrika ya ikweta ilitiwa alama katika ramani ya GLACE kuwa mahali ambapo ardhi huenda ikaiongoza mvua, na ndipo penye vipimo vichache vya ardhini kuliko karibu mahali pengine popote. Vihisi vya kisasa ni ghali na huharibika. Chuma cha kuchimbia, mizani na tanuri la nyuzi 105 si ghali, na vyuo vingi vya kilimo tayari vinavyo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa mamlaka za hali ya hewa, vyuo vya kilimo na vituo vya utafiti wa mazao kuanzia Mwanza hadi Machakos hadi Gulu: palipo na kipimamvua kinachosomwa kila asubuhi, pachimbwe pia, kila siku 10, hadi mita 1, udongo ukaushwe na uzito wake uandikwe. Data ziwekwe wazi. Matokeo ya mwaka wa kwanza hayatamshangaza mtu. Ya mwaka wa 15 yatakuwa mtihani ambao kila modeli inayodai kuijua Afrika Mashariki italazimika kuufanya.